Losheni ya jua: ya zinki yanigeuza chokaa, nyingine yaniwasha macho. Nichukue ipi?

MamaWaMalindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 34, nafanya kazi kwenye boti ya kioo inayopeleka wageni hifadhi ya bahari hapa Malindi. Tangu nijifungue mwaka jana nina mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Nikipumzika nyumbani yanafifia, siku tatu baharini yanarudi.

Losheni ya kwanza ina oksibenzoni na avobenzoni. Haionekani usoni, lakini jasho likishuka nayo, macho yanawaka hadi natokwa machozi mbele ya wageni. Ya pili ni ya zinki. Haiwashi, ila nafanana na ukuta uliopakwa chokaa, na ukingo wa mtandio wangu mweusi umeganda weupe. Na bado nanyonyesha.

DukaLaDawa
Wa aleikum salaam, pole dada. Zote hunyonya miale; watu husema zinki inairudisha kama kioo, kumbe inayorudishwa ni sehemu ndogo tu. Tofauti kubwa ni kwamba zinki na titani, madini mwenzake, hukaa juu ya ngozi; za kemikali kama hiyo yako ya kwanza huingia kiasi mwilini. Mwaka 2019, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipendekeza zinki na titani tu zihesabiwe salama na zenye kufaa, ikaomba data zaidi kuhusu oksibenzoni, avobenzoni na wenzake. Kuingia kwenye damu si kusema zimedhuru mtu. Lakini unanyonyesha na macho yanawaka, mimi ningebaki na zinki.

BintiShela
Shoga, usibaki na hiyo nyeupe! Mabaka hukolezwa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa kwa ngozi nyeusi kama zetu, na zinki tupu haiuzuii vya kutosha. Tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma. Hiyo kahawia ndiyo dawa yenyewe, si urembo. Nilipoteza mwaka mzima kabla sijalijua hili.

BiMkubwa
Mwanangu, sisi tulijipaka liwa.

DukaLaDawa
Shikamoo bibi. Liwa inapoza na inanukia, lakini haina SPF, yaani kipimo cha kukinga jua. Apake usiku, mchana losheni.

NahodhaMstaafu
Hawaii ilipiga marufuku kuuza losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali nyingine ya kukinga jua, kuanzia 2021, ili kulinda matumbawe. Yetu ndiyo yanayotulisha, binti yangu. Na uvae kofia pana ya ukili, maji yanarudisha jua kutoka chini.

MamaWaMalindi
Marahaba ya ushauri, nimepata ya rangi, SPF 50. Nakamua mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, narudia kila saa mbili. Leo nimevua mtandio jioni, ukingo una alama hafifu ya kahawia na macho hayajawasha. Sasa BintiShela, kwako mabaka yalichukua muda gani kufifia?

BintiShela
Miezi minne, shoga. Na siku za mawingu nilipaka vilevile.