Mtoto njiti analala, mama yake halali: je, ni kawaida?

Mama Njiti, Morogoro
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nilijifungua katika wiki ya 31 mtoto wa kiume mwenye kilo 1.4, tukakaa wodi ya watoto njiti siku 34, na sasa tuna wiki mbili na ushei nyumbani. Mtoto ananyonya na uzito unapanda. Asiyelala ni mimi. Wodini tulikuwa tukiamshwa kila baada ya saa 3 kukamua maziwa na kuyapitisha kwenye mrija, na hadi leo, ikifika saa tisa usiku, macho hufunguka yenyewe kabla kengele ya simu haijalia. Akishanyonya na kulala, naweka kiganja kifuani pake nihesabu pumzi, na zikisita kidogo moyo hunienda mbio mpaka adhana ya alfajiri. Mama mkwe ananiambia nilale mtoto anapolala, lakini hapo ndipo usingizi unapokataa kabisa. Je, hali hii itaisha?

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Marahaba mwanangu, hongera na pole. Hayo nimeyasikia kwa akina mama wengi wa njiti, na si udhaifu wako. Kila aliyejifungua hukatikiwa usingizi, kwa kuwa homoni ya projesteroni, ambayo huleta usingizi wakati wa ujauzito, hushuka ghafla kondo linapotoka. Mama wa njiti huongezewa wodi yenyewe, ambako taa huwaka usiku kucha na milio ya mashine humzoesha kukaa chonjo. Tena usingizi wa njiti ni mwepesi, wa kujinyonganyonga na kuguna, naye huchelewa kutofautisha usiku na mchana. Umri wake uhesabu kuanzia tarehe uliyotarajiwa kujifungua; kwa hesabu hiyo, mwanao bado hajafikia siku aliyopaswa kuzaliwa.

Kuhusu pumzi: njiti hupumua kwa vituo, hutulia sekunde chache kisha huendelea, na hilo peke yake si ugonjwa. Akifikisha sekunde 20 bila kupumua, au midomo ikibadilika rangi, au akilegea, msugue nyayo ili avute pumzi na umkimbize hospitali.

Mama Pacha, Mombasa
Dada, mimi nilijifungua pacha katika wiki ya 32, na ushauri wa kulala watoto wakilala haukunisaidia hata kidogo. Kilichoniokoa ni kugawana usiku na mume wangu: tangu saa tatu hadi saa saba alikaa nao sebuleni, akawapa kwa kikombe maziwa niliyokamua, nami nikalala chumba cha mwisho, mlango umefungwa. Usiku wa kwanza na wa pili nililala macho wazi, nikisikiliza. Usiku wa tatu nilishtuliwa na maziwa yaliyolowesha leso yote, na ilikuwa saa saba na nusu.

Mama Njiti, Morogoro
Ahsante sana, dada. Mume wangu amekubali kuanza leo. Mkunga, je, naweza kulala na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kangaruu kama wodini? Na vidonge vya usingizi vinafaa?

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Kangaruu endelea nayo: mfunge kwa kanga, uegemee mito, na pawe na mtu mwingine aliye macho. Ukiwa peke yako na usingizi umekushika, mlaze chali kwenye kitanda chake, kando ya chako, kwa maana aliyezaliwa njiti yuko hatarini zaidi akilala kitanda kimoja na mzazi, na kochi ni baya kuliko kitanda. Vidonge usinunue duka la dawa bila daktari, kwa sababu vingine hupita kwenye maziwa na humfanya mama asiamke upesi.

Mume akishika zamu na bado usingizi ukakataa kwa wiki mbili, huku una huzuni au hofu isiyokuachia, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Mama asiyelala kabisa wala haoni uchovu, anayesikia sauti au kusema mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kliniki ijayo, mtoto akishapimwa uzito, usiinuke kitini kabla hujamweleza muuguzi habari ya usingizi wako, kama ulivyotuandikia sisi.