Bibi akianza kusahau, waje watafiti au tumwache na heshima yake?

Mtoto wa Isevya: Wakuu habari. Nimetoka Uyui kumwona bibi, hali siyo. Anasonga ugali mara mbili, anamwita mama yangu kwa jina la dada ake marehemu, juzi usiku kakutwa lambo la kijiji anasubiri ng'ombe tuliouza nikiwa darasa la pili. Majirani washaanza, oh anawanga, oh macho mekundu (moshi wa kuni miaka yote hiyo jamani yatakuwaje meupe). Neno hilo likishatoka huku kwetu tunajua linaishia wapi. Mi nasema waje wapime wazee na redio itangaze kwamba demensia, huku kupotewa kumbukumbu na akili uzeeni, ni ugonjwa. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipimwa 2010, kwa wa miaka 70 kwenda juu wakakuta kama 6 kwa kila 100 wanayo. Sisi je?

Njemba ya Sikonge: Pole mkuu ila napinga. Watakuja na gari nyeupe, wataandika majina, kila bibi sabuni mche mmoja, wanasepa. Dawa ya kuponya haipo, unamwambia mtu ili iweje? Ukisema ugonjwa wa ubongo kijijini wanasikia kichaa.

Mtoto wa Isevya: Kichaa hakatwi mapanga.

Nesi mstaafu: Hao wa kuandika majina na kusepa nimewaona, Njemba hajakosea. Ila eti hakuna cha kufanya, hapana. Ripoti ya Lancet, jarida la madaktari, ya 2024 inasema karibu asilimia 45 ya visa vingezuilika au kucheleweshwa kama visababishi 14 vingeondolewa, humo kuna presha, sukari, sigara, kutosikia, kutoona vizuri, upweke, hata kukosa shule utotoni. Wazee wetu presha wanaijua siku wamepooza, mtoto wa jicho wanaambiwa ni uzee tu. Halafu aliyebadilika ghafla mpelekeni hospitali kwanza, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inamchanganya mzee mpaka hamumjui, nishamwona bibi aliyeitwa mchawi, kanywa antibayotiki siku chache akarudi kuulizia kuku wake.

Mrambo wa Birmingham: Huku Ulaya sisi weusi ndo wachache, na familia zinaficha mgonjwa mpaka amechakaa kabisa. Marekani weusi wanaipata karibu mara mbili ya wazungu ila kwenye majaribio ya dawa ni wa kuhesabu kwa vidole. Na msiseme ni damu, walilinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na weusi wa Indianapolis, matokeo ya 2001 yakaonyesha wa Ibadan wanaipata kwa uchache zaidi.

Njemba ya Sikonge: Si ndo hapo sasa, tunaipata kidogo, tutangaziwe nini?

Mtoto wa Isevya: Ibadan siyo Sikonge. Wa Sikonge nani kawahesabu?

Njemba ya Sikonge: Haya waje, ila anayeuliza ajue Kinyamwezi, na asimuulize bibi leo tarehe ngapi, bibi yangu tarehe hajawahi kuijua hata akili ikiwa timamu kabisa.

Nesi mstaafu: Hai waliliona hilo mdogo wangu, wengi hawakusoma, wakatengeneza kipimo cha kukumbuka maneno na kupanga njiti za kiberiti.

Njemba ya Sikonge: Njiti atafunga kwenye pindo la kanga aondoke nazo 😂

Mtoto wa Isevya: Kikao cha ukoo Jumapili. Nesi, shikamoo, niandikie hayo ya UTI kwa kirefu nimsomee mjomba, yeye ndo anataka kwenda kupiga ramli.