"Viza ya kuingia mara moja inatosha"?! Huyu mtu atatuachia watu bandarini!

MwanaKadutu:
Jina lake sihitaji kulitaja, Bukavu nzima inaona matangazo yake ya safari za meli za utalii. Asubuhi hii mama mmoja amemuuliza kwa adabu kuhusu viza. Akajibiwa mbele ya watu wote: "Viza ya kuingia mara moja inatosha, mama. Meli ni boti ya Goma tu, unapanda unakaa." Unapanda unakaa!

Safari anayouza inatoka Piraeus, Ugiriki, inapita Kusadasi, Uturuki, kisha inarudi Ugiriki. Ukifika Uturuki umeshatoka Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Mwenye pasipoti ya Kongo na viza ya mara moja hata ngazi ya meli hataikanyaga: wanakagua viza pale kaunta, wanakukatalia, na pesa kwa kawaida hairudi. Uturuki nayo ina masharti yake ya viza, hayo hakuyataja kabisa. Mdomo mpana kuliko Ziwa Kivu!

Wala hakumwambia afike mji wa bandari siku moja kabla, maana ndege ikichelewa Kigali au Addis Ababa, meli inaondoka. Sanduku unalikabidhi bandarini na lebo ya namba ya chumba, na linaweza kukufikia jioni. Dawa, pasipoti, chaja na nguo ya kubadili vibaki kwenye mkoba wako. Pasi ya umeme wanaizuia, ni hatari ya moto. Mwenye kichefuchefu achukue chumba cha ghorofa ya chini, katikati ya meli, ndipo panayumba kidogo. Haya yote hakuna. Yeye ni "mara moja inatosha"! Kwa mama wa watu!

Yaya_Himbi:
Kaka, kelele zako zimeshinda king'ora cha meli. Na hicho watu wakijue: milio mifupi saba, kisha mmoja mrefu, uende kituo chako cha kukusanyikia. Tangu 2015 zoezi linafanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia mwaka 2012, abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi.

Kamalondo_Fort:
Batu ya Bukavu, viza munaililia, bakshishi hamuioni? Kwa meli kubwa za Marekani ni dola 15 mpaka 20 hivi kwa mutu kila siku, hata mutoto. Watu wawili siku saba, dola 200 zimepita. Bia unalipa, na juu yake asilimia 18 ao 20 ya huduma. Huo njo wizi!

Papa_Nguba:
Wizi gani? Hiyo ni riziki ya wanaotandika kitanda chako. Wizi ni simu. Meli ikiacha pwani, simu inashika mtandao wa satelaiti na dakika moja inakula dola kadhaa. Weka hali ya ndege kabla kamba hazijafunguliwa.

MwanaKadutu:
Ndugu zangu, mada ni VIZA. Mara moja! Kamwambia mama wa watu mara moja!

Yaya_Himbi:
Tumesikia, kaka, unarudia kama muezini. Mimi nauliza boti zetu wenyewe. Oktoba 2024 boti ilizama, watu wakafa mbele ya Kituku, Goma, bandari wakiiona kwa macho. Nani anamwonyesha abiria kufunga jile, lile koti la kuelea, kabla ya boti kutoka? Jile zirundikwe chini ya magunia ya nini? Avalishwe kila mtu, mikanda ikazwe, ndipo injini iwashwe.

Kamalondo_Fort:
Papa Nguba, riziki yao ilipwe na mwenye meli! Mimi nimelipa tiketi.

Papa_Nguba:
Basi nenda dawati la wageni kabla ya siku ya mwisho, uombe waiondoe hiyo bakshishi kwenye bili yako. Meli nyingi za Marekani wanakubali. Halafu umtazame usoni anayekuletea taulo.

Kamalondo_Fort:
Nitamutazama. Taulo ya bwawa usipoirudisha wanakata pesa, hiyo nayo mutaitetea?