Mrejesho: Siku mbili peke yangu Mombasa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kama mwanamke anayetoka Moshi peke yake anaweza kuitembelea Mombasa kwa siku mbili bila mwongozaji. Nimerudi salama, na nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilipitia Holili na Taveta kama mlivyonielekeza, nikabadilisha fedha kidogo tu mpakani. Aliyenisihi niingie Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali, alinifaa kuliko wote: ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kuta za mawe ya matumbawe, na nilipozisogelea niliona vitundu vyake, mfano wa sega la nyuki, nikasimama pale kwa muda mrefu bila mtu wa kuniharakisha. Kisha nikaingia Mji wa Kale kwa miguu, nikala mahamri na mbaazi barazani. Sidhani kama mwongozaji angenivumilia.

Siku ya pili haikwenda vizuri. Mliniambia nivuke Likoni asubuhi, nami nikazubaa hadi jioni, wakati wafanyakazi wanaporudi makwao, hivyo ingawa mwenda kwa miguu halipi nauli ya feri, nilibanwa katika umati hadi kiatu kimoja kikakatika kanda, nikageuka bila kuuona ufuo wa ng'ambo. Chumba nilichokiagiza kwa simu nacho hakikuwa na maji, nikalazimika kulipia kingine. Aliyenishauri nikione kwanza ndipo nilipe, naomba radhi kwa kutokusikiliza.