Mjadala: Daktari wa kwenye skrini kwa Waaborijini wa Australia, ni msaada au ni kuwakwepa?

NesiWaJangwani (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Niko Northern Territory mwaka wa nne sasa, nafanya unesi kwenye vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, naingia wiki sita natoka. Kwa asiyeijua NT: ukiichukua Tanzania yote ukaiweka ndani inaingia na nafasi inabaki, lakini watu wake hawafiki laki tatu, na kama asilimia 30 ni Waaborijini. Hospitali za maana ziko Darwin na Alice Springs, na kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 1,500 za lami. Kwa hiyo hatukosi mgeni mpya: daktari wa video, rekodi ya afya ya mtandaoni, ujumbe wa kukumbusha dawa, kamera ya kupiga picha jicho la mwenye kisukari na kuituma kwa bingwa.

Swali langu: vitu hivi vinawasaidia hawa watu, au ni namna ya kutowapelekea daktari?

Kamera ya jicho naiunga mkono, faida yake nimeiona. Daktari wa skrini ndiye ananitia mashaka. Wiki iliyopita baba mmoja wa makamo kakaa mbele ya skrini, anaongea vizuri tu, daktari yuko mjini, mkalimani anaunganishwa kwa simu. Sauti ya mkalimani ilipoingia, baba wa watu akashusha kofia hadi puani, akageuza kiti, kimya. Daktari akauliza mara tatu. Mwisho akaandika kwenye faili: mgonjwa hatoi ushirikiano. Mhudumu wa afya mwenyeji ndiye aliyenifungua macho baadaye: yule mkalimani, kwa hesabu ya ukoo wao, ni mama mkwe wake. Hawasemeshani, iwe ana kwa ana, iwe kwa simu.

Kidume_Kibaha
Yaani mtu anaumwa halafu anaogopa sauti ya mkwe? Huo ushamba ndio unawamaliza. Halafu hao si ndio serikali inawapa kila kitu bure? Bibi yangu Kisarawe kadi yake ya kliniki anaitunza kwenye mfuko wa rambo pamoja na ugoro. Huyo daktari wa video nileteeni mimi nimpelekee bibi.

Wanyonyi_Kimilili
Bwana Kibaha, chunga mdomo. Ushamba ni nini? Kwetu Bungoma nikimwona mama mkwe anakuja njia hii, mimi nashika ile nyingine. Kiti alichokalia sikikalii, meza moja hatuli, na nina digrii mbili. Harusi ya shemeji yangu nilikula nyuma ya hema pamoja na madereva. Hiyo ni heshima. Usiite watu washamba kwa kitu ambacho nyinyi mmekisahau.

MamaJunior_Tanga
Pole Wanyonyi, ingawa kwa madereva ndiko minofu huishia 😂 Huku kwetu mama mkwe ndiye anakupikia, na asipokuona siku mbili anauliza kama umemwacha mwanawe.

BabaKanyaga
Jamani, hoja. Daktari wa mbali kule si jambo la leo. Wale madaktari wa ndege walianza baada ya Vita vya Pili, na walikuwa na redio ya kukanyaga kwa miguu kama cherehani, unakanyaga huku unaongea. Mbona ile haikulalamikiwa?

Mwalimu_Perth
Vita vya Pili tena? Ni 1928, mchungaji John Flynn. Redio ya kukanyaga aliitengeneza Alfred Traeger, ikaanza kazi 1929. Na jibu la swali lako mzee wangu ni kwamba ile redio ilikuwa ya kumwita daktari aje. Hii ya sasa ni ya kumwambia asijisumbue.

BabaKanyaga
Nakubali mwaka. Sikubali hilo la mwisho. Mwanamke ana uchungu saa nane za usiku, nesi yuko peke yake, umwambie azime skrini kwa sababu ya historia?

Mwalimu_Perth
Sijasema azime, mzee.

Furaha_wa_Uvira
Ndugu zangu, mimi niko Brisbane, tumetokea kambi ya Nyarugusu. Tuongee hiyo rekodi ya mtandaoni. Kuifungua unahitaji barua pepe, simu ya kupokea namba ya siri, na vitambulisho ambavyo tarehe zake zinafanana. Sisi wa kambi karibu wote tulizaliwa 1 Januari, karani ndiye alituzalisha siku hiyo. Nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja nilikaa na mama mmoja Mwaborijini, nikamwonyesha kadi yangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Yake inasema 1 Julai. Akaniambia kwao wazee wengi wamepewa hiyo hiyo. Kompyuta ikiona watu mia wana jina la ukoo moja na siku moja ya kuzaliwa, inafanya nini? Ilimkataa yeye, ikanikataa na mimi. Tukaenda kununua soda.

Kidume_Kibaha
Hiyo ya tarehe kweli. Baba yangu ana tatu.

Mwalimu_Perth
Furaha kagusa penyewe. Hiyo rekodi ya taifa ilianza 2012 kwa hiari. Ilipofika 2019 wakaigeuza: kila mtu anafunguliwa faili isipokuwa aliyejitoa mwenyewe. Zaidi ya watu milioni 2.5 walijitoa. Huyu wa jangwani asiye na barua pepe angejitolea wapi? Na msifikiri kuogopa faili ni ujinga. Kwa miongo na miongo, mpaka miaka ya 1970, watoto wa Kiaborijini walichukuliwa kwa mama zao kwa maandishi ya ofisa. Kevin Rudd, waziri mkuu wa wakati huo, akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Miezi minane tu kabla ya hapo, Juni 2007, serikali iliyomtangulia ilikuwa imetangaza kuingia vijiji vya NT na askari, na madaktari wa kupima watoto wakiwa kwenye msafara huo huo. Bibi akiona daktari na gari la jeshi pamoja, unadhani anakumbuka nini?

Kidume_Kibaha
Kila kitu ukoloni. Hata bando likiisha ni ukoloni. Na bado hamjanijibu, wanapewa bure au hawapewi?

Mwalimu_Perth
Nakujibu kwa mfano mmoja. Kintore iko zaidi ya kilomita 500 magharibi mwa Alice Springs. Wazee wake wenye figo zilizokufa ilibidi wahamie mjini, maana kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, saa nne tano kila mara. Wakawa wanafia mjini, mbali na ardhi yao. Mwaka 2000 wachoraji wa kule walichora, kazi zao zikapigwa mnada kwenye jumba la sanaa Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni moja, na hizo ndizo zilizoanzisha huduma ya kusafisha damu huko huko nyumbani. Leo wana vituo vingi na lori lenye mashine ndani. Mashine ni za kisasa kuliko za Muhimbili pengine, na hakuna aliyezikimbia. Hiyo bure yako iko wapi?

Kidume_Kibaha
Dola milioni kwa zile picha za nukta nukta? Mimi nina mtoto wa chekechea ananukta ukuta wangu kila siku.

MamaJunior_Tanga
Muuzie Mwalimu huo ukuta. Halafu wewe Mwalimu, Muhimbili imekukosea nini? Mwanangu katibiwa pale.

Mwalimu_Perth
Nimesema pengine.

MamaJunior_Tanga
Watu wa nje mkishavuka bahari hospitali zetu zote vibanda. Pengine yako kaa nayo.

(Hapa zikapita posti kumi na kitu za Muhimbili, nani alilala chini mwaka gani, na bei ya chanjo. Tunaendelea. – BabaKanyaga)

NesiWaJangwani (mtoa mada)
Nimetoka zamu nakuta tuko Upanga. Niongeze kitu. Kule kuna homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo wa mtoto, ile ile tuliyo nayo Afrika Mashariki, kwa Waaustralia wengine imebaki kwenye vitabu. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila siku 28, kwa miaka. Mfumo unatuma ujumbe wa kukumbusha. Vizuri. Ila simu kijijini ni ya nyumba nzima, salio likiisha laini inatupwa, na Oktoba 2024 waliposhusha mtandao wa 3G simu nyingine zikawa jiwe. Nimeshuhudia majibu ya kipimo cha siri cha dada mtu yakisomwa kwa sauti na mpwa wake akitafuta video za mpira. Anayewapata hao watoto ni mhudumu mwenyeji na Land Cruiser yenye mlango mmoja usiofunga, kwa kuwa anajua mtoto wiki hii yuko kwa shangazi yupi.

Wanyonyi_Kimilili
Basi mpeni huyo mhudumu ndiye amiliki mfumo. Kliniki ninayompeleka mama yangu mfumo ukilala, karani anakunja mikono, hata kalamu hana.

Mwalimu_Perth
Ndivyo wenyewe wanavyodai. Zahanati ya kwanza ya kumilikiwa na Waaborijini ilifunguliwa Redfern, Sydney, 1971, na leo mashirika ya namna hiyo yamepita 140. Wanataka hata taarifa zikae mikononi mwao, si kuvunwa na kila mtafiti anayetafuta cheo.

Kidume_Kibaha
Sasa hapo nimeelewa. Hata kwetu watafiti wanakuja, wanapima damu, wanatoa sabuni, wanapotea. Lakini la mkwe bado ni ushamba.

Wanyonyi_Kimilili
Rudia tena.

Furaha_wa_Uvira
Mtoa mada, yule baba wa kofia aliishia wapi?

NesiWaJangwani (mtoa mada)
Alirudi jana. Safari hii mhudumu mwenyeji aliuliza kwanza nani yuko kwenye ukalimani. Alikuwa yule yule mama. Tukakata simu. Wakaenda wawili chini ya mti nje, wakaongea Kiwarlpiri chao taratibu, mhudumu akaniletea majibu kwenye kipande cha boksi la glavu, nikamsomea daktari wa kwenye skrini. Saa nzima na nusu, lakini dawa alipata. Faili lake bado linasema hatoi ushirikiano. Nilijaribu kufuta, mfumo ukakataa, unataka nywila ya yule daktari aliyeandika, na mkataba wake umeisha.

BabaKanyaga
Kwa hiyo skrini ilisaidia.

NesiWaJangwani (mtoa mada)
Mzee, umesoma nilichoandika?

Wanyonyi_Kimilili
Mimi nangoja Kibaha amwombe radhi mama mkwe wangu.

Kidume_Kibaha
Mpigie, umpe simu nimwombe sasa hivi.

Wanyonyi_Kimilili
Nampigiaje?