Kwa nini watoto wanakaririshwa majina ya maumbo bila kuambiwa maana yake?

Wakuu, nimekasirika na leo naongea.

Jana usiku nimemkuta mwanangu, yuko kidato cha kwanza, anarudia "isosilesi, isosilesi, isosilesi" mpaka sauti inamkauka. Nikamuuliza ni nini. "Pembetatu yenye pande mbili sawa." Na neno lenyewe? Eti mwalimu kawaambia ni jina tu, wakariri, mtihani hauulizi maana.

Jina tu! Neno hilo ni la Kigiriki, na linasema "miguu sawa". Isos ni sawa, skelos ni mguu. Simamisha hiyo pembetatu kwenye kitako chake, miguu miwili inayolingana utaiona mwenyewe. Dakika moja ubaoni ingemwokoa mtoto usiku mzima.

Kinachoniuma zaidi ni trapeza, lile umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba. Trapeza kwa Kigiriki ni meza. Mwanangu anajiandaa na kipaimara, Mathayo 21 kaisoma, anajua Yesu alivyozipindua meza za wabadili fedha hekaluni. Kwenye Kigiriki cha Injili, meza zile ndizo hizo trapeza! Wabadili fedha walifanyia kazi mezani, ndiyo maana mpaka leo Ugiriki benki inaitwa trapeza. Naye Euclid, yule Mgiriki bingwa wa hesabu, alipoandika jiometri yake, yapata mwaka 300 KK, alikwisha kutaja mraba, mstatili, rombasi na msambamba, maumbo mengine yote ya pande nne akayaita kwa neno hilo la meza. Neno la nyumbani kabisa, la mahali watu wanapolia chakula. Leo mtoto wangu analiogopa.

Silinda je? Kitu cha kuviringisha. Prizimu ni kitu kilichokatwa kwa msumeno. Koni ni tunda la msonobari. Wale watu walitaja vitu walivyovishika kwa mikono. Na Kiswahili kimefanya vivyo hivyo: umbo la koni tunaliita pia, kwa sababu ya ile pia wanayoichezesha watoto. Ukitamka pia, mtoto keshaliona umbo. Halafu anaingia sekondari, masomo yanageuka Kiingereza, pia inatupwa, pembetatu inatupwa, badala yake anapewa sauti ambazo hazimwonyeshi kitu, na akizikosea anaambiwa hesabu hana kichwa nazo. Hapana! Hesabu anaiweza. Amenyimwa maana.

Na msiniambie Kigiriki ni kigumu. Simwombei mtoto afundishwe Kigiriki. Naomba sentensi moja kwa kila jina.

Walimu wa hesabu mliomo humu, nijibuni: chuoni mliambiwa maana ya majina haya? Kama mliambiwa, inakwamia wapi kabla ya kufika darasani? Kama hamkuambiwa, semeni pia, tujue pa kwenda kulalamika.

Mwanangu ana jaribio Ijumaa. Mimi nimeshamchorea meza.