MREJESHO: Niache kazi nimlee mwanangu mwenye mtindio wa ubongo?

Wapendwa, niliwaomba ushauri kama niache kazi, maana mwanangu hawezi kukaa mwenyewe na kila dada wa kazi alikuwa anakimbia. Sikuacha. Niliomba kupunguziwa saa, mshahara nao ukapungua, na baba yake akahamia zamu ya usiku. Tunapishana mlangoni, ila mtoto hakosi mzazi.

Ushauri uliosaidia zaidi ni wa yule aliyesema baba naye aende kwa mtaalamu wa viungo, nisiende mimi peke yangu. Alifundishwa kumlisha akiwa wima, kichwa kimeshikiliwa kisiangukie nyuma. Kupaliwa kumepungua sana. Tulielezwa pia kwamba jeraha la ubongo linaloleta mtindio lenyewe haliongezeki, lakini misuli na viungo hukakamaa mtoto akiachwa mkao mmoja. Kwa hiyo kumnyoosha na kumgeuza ni kazi ya kila siku, hata tukiwa na wageni. (Wageni wenyewe wamepungua, na kusema kweli siwakumbuki kivile.)

Ambacho sikukitarajia ni dada yake. Alianza kukojoa kitandani na kudai alishwe kwa kijiko kama mdogo wake. Sasa jioni ana muda wake na mimi, mlango tumefunga, mdogo yuko kwa baba. Kukojoa kumekoma, kijiko bado anadai.

Mlioniuliza kuhusu kutembea: bado hatujui. Shingo imeanza kupata nguvu. Mwenye uzoefu wa viti maalumu vya kukalia anieleze, maana tunataka kumpa fundi seremala vipimo.